Kabari kwanza! Kuegesha karavani mchangani, kisiwa cha Bugala

Tayari? Mama, kidole. Kidole chako kimeziba kamera. Enhe, hapo sawa.

Habari zenu jamani. Leo tuko visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, Uganda, kwenye kisiwa cha Bugala, upande wa Lutoboka, na hiyo nyuma yangu ndiyo karavani yetu. Ekseli moja, kitanda, jiko la plati mbili, friji ya gesi, basi. Mimi nimestaafu, mke wangu, Mama, amestaafu, watoto wako kwao. Mwezi huu wa Novemba watu wengi wanakimbia mvua, na sisi ndipo tunapopata ufuo mzima peke yetu. Wazungu wakitaja vuli wanawaza majani makavu. Vuli yetu ni mvua ya alasiri, jua la jioni, na senene, wale panzi wa kukaanga. Senene nitawafikia.

Kwa wageni: nimeendesha lori miaka 31, Mombasa hadi Kampala, makontena ya futi 40. Mama alikuwa mkunga. Sasa yeye ndiye taniboi wangu, na anapiga kelele kuliko mataniboi wote niliowahi kuwa nao.

Kupakia haraka haraka. Vitu vizito viweke juu ya ekseli, kidogo kuelekea mbele. Pua ya trela iliyokaa kwenye gari ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Yetu ikijaa ni kilo 1,200, kwa hiyo pua ibebe kama 120 mpaka 180. Ukijaza nyuma, mkia utaanza kucheza barabarani. Juzi tulisimama Kayabwe pale kwenye mstari wa ikweta, Mama akanunua mikungu mitatu ya matoke akaipanga nyuma kabisa, chini ya kitanda. Kilomita tano mbele trela ikaanza kukata viuno. Ikikupata hiyo, toa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani umenyooka, usikanyage breki kwa nguvu. Kisha simama uhamishe matoke. Anasema ilikuwa mikungu miwili. Ilikuwa mitatu.

Kuvuka. Tulipita Masaka, Bukakata, tukapanda kivuko mpaka Luuku. Hakuna nauli, wewe na gari na trela mnavuka bure. Ile meli ya Nakiwogo, Entebbe, inachukua kama saa tatu na nusu, na tumbo la Mama halipatani na meli. Kwenye kivuko panda polepole, mkia wa karavani unapenda kukwaruza lile lango la chuma. Yetu ina alama pale chini. Usizionyeshe, Mama.

Sasa mahali pa kuegesha. Usifuate mandhari tu. Mwaka 2020 ziwa lilipanda mpaka mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita rekodi ya 1964, na fuo nyingi zilikwenda na maji. Ile miti iliyokauka pale imesimama kama nguzo za simu, mnaiona? Maji yalifika huko. Mimi naegesha upande wa juu wa miti hiyo, mbali na maji. Na pale penye matete na maji yaliyotulia, Mama hataki mtu aoge. Konokono wa kichocho wanakaa hapo. Ukibishana naye atakueleza dalili zote mpaka ushindwe kula.

Kurudi nyuma sifundishi, tutakesha. Shika usukani kwa chini, mkia ukiutaka kushoto peleka mkono kushoto. Fanya mazoezi kwenye uwanja wa mpira. Tuendelee.

Kusawazisha. Tunaanza kulia na kushoto, na trela bado imefungwa kwenye gari. Chukua pima maji, hii hii ya mafundi ujenzi, weka sakafuni mlangoni. Mama, sogea, waonyeshe kitone, kile kiputo cha hewa. Kimekimbilia upande wa mlimani, maana yake tairi ya upande wa ziwa iko chini. Kwa hiyo tunaweka ubao mbele ya tairi ya ziwani, navuta gari kidogo, tairi inapanda ubao. Mbao mbili. Hapo kitone kiko katikati. Safi.

Watu wanauliza, usawa wa nini, unalala tu? Friji, jamani. Friji ya gesi haina mota. Ndani mna amonia inayochemshwa na moto mdogo, kisha inashuka yenyewe kwa mteremko wa mabomba. Trela ikiinama, haishuki inavyotakiwa, friji haipoi, na samaki wako wa ngege wanaanza kunuka siku ya pili. Sasa ukishama…

Ngoja. Mama, kitone kimehama?

Kimehama. Angalieni tairi. Ubao unazama, mchanga umeshiba mvua ya jana. Mnaona maji yanavyotoka pembeni? Hii sikupanga kuwaonyesha. Nilitaka kukata hapa lakini Mama anasema acha, watu wajifunze. Haya. Natoa gari kwenye mbao. Nachimba kidogo, natoa huu mchanga laini mpaka nafika ule mgumu wenye changarawe. Halafu chini naweka ubao mpana, huu ulikuwa mlango wa kabati letu la zamani, ndipo zile mbao mbili zinakaa juu yake. Uzito unatandazwa. Napanda tena. Polepole. Subiri dakika tano, msiamini kitone cha kwanza. Mimi nimeamini cha kwanza, mmeona.

Dakika tano zimepita. Hakijahama.

Sasa nisikilizeni. Mama, njoo karibu, waone uso wangu. KABARI. Kabla hujagusa kitu chochote kinachounganisha gari na trela, weka kabari. Mbele na nyuma ya tairi, pande zote mbili. Ile tairi iliyo juu ya mbao, na yenyewe weka.

Nawaambia kwa nini. Kwenye lori, ukichomoa mabomba ya upepo, breki za trela zinakaba zenyewe. Upepo ukiisha, springi zinafunga breki, kontena haliendi popote. Miaka 31 mkono wangu ulizoea hivyo: chomoa, ondoka. Karavani hii haina upepo. Ukiichomoa ni kama rukwama. Mwaka jana, ufuo huu huu, nikafika nimechoka, nikachomoa kila kitu, nikaenda kutafuta kabari kwenye buti. Nasikia vyombo vinalia. Nageuka, nyumba inaondoka. Mama yuko ndani anachemsha chai! Ilikwenda hatua kama kumi na tano kuelekea ziwani, kile kigurudumu cha jeki kikajichimbia mchangani, ikasimama. Mama alitokea mlangoni na kikombe mkononi. Hakusema kitu. Mpaka keshokutwa yake hakusema kitu.

Kwa hiyo sasa tuna utaratibu. Mimi naweka, yeye anakagua kwa mguu. Mama, kabari?

«Ya kushoto nyuma haijabana.»

Mnaona? Nagonga kwa nyundo. Kabari?

«Kabari.»

Hendibreki ya trela? Nimevuta, lakini usiiamini peke yake kwenye mteremko, nyaya zake zinalegea. Kabari, hata kama una hendibreki. Kabari hata kama ufuo unaonekana tambarare kama meza. Hakuna ufuo tambarare, maji yasingejua pa kwenda.

Sasa chomoa. Plagi ya taa kwanza. Shusha kigurudumu cha jeki juu ya kipande cha ubao, fungua kile kichwa kilichokamata tufe la chuma, halafu zungusha jeki mpaka kichwa kinyanyuke. Minyororo bado. Minyororo iwe ya mwisho kabisa, ili ikitaka kuondoka, ibaki na gari. Tazama kichwa kinavyotoka… kimetoka. Sasa simama. Usifanye lolote. Itazame trela kidogo. Imetulia? Haya, minyororo. Gari mbele mita mbili.

Mbele na nyuma unasawazisha kwa jeki hiyo hiyo. Pima maji, zungusha, basi.

Miguu ya kona inashushwa mwisho. Hiyo ni ya kuzuia kutingishika tu, siyo ya kunyanyulia. Ikigusa ubao, ongeza nusu mzunguko uache. Jirani yetu mmoja aliinyanyulia trela, mguu ukapinda kama ndizi.

Mtungi wa gesi fungua, pima maungio kwa povu la sabuni. Halafu friji washa, ipe saa kadhaa kabla ya kujaza.

Jua linazama. Taa. Taa nyeupe kali nje usiwashe, utaita kila mdudu wa ziwa hili. Wale wadogo wanaopanda juu ya maji kama moshi hawaumi, lakini wataingia kwenye supu. Tumia ya njano, hafifu. Isipokuwa unataka senene! Mwezi huu ndio wao. Watu wa Masaka wanasimamisha mabati na mapipa na taa kama za uwanja wa mpira, wanakamata kwa magunia. Sisi taa moja, bati moja, beseni. Jana tulipata kama kikombe. Mama anang'oa mbawa na miguu, anakaanga kwa kitunguu na chumvi. Mafuta haweki, senene ana mafuta yake. Mimi napenda na pilipili, yeye anasema pilipili inaua ladha, tumebishana hilo miaka 40.

Kabari hizi natengeneza mwenyewe, mbao ngumu, mabaki ya fundi samani, nimezipiga msumeno meno kwa chini zishike mchanga. Seti ya nne shilingi 40,000, andika hapo chini. Za plastiki nilinunua mbili, moja ilipasuka siku ya kwanza.

Ah, tone. Mvua hiyo inakuja kutoka ng'ambo, onyesha kule, Mama, kule kweusi. Ingiza simu ndani. Mimi naingiza bati la senene.

«Na kabari?»

Naenda kuangalia.