Joto Linalokwenda Karoni
(Mazungumzo yaliyotolewa barazani, Lamu)

Asalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma.

Hapo mlangoni mzee mmoja amenishika mkono akaniuliza: "Mwanangu, sisi hapa joto twalikimbia, nawe watuletea joto la maji machafu?" Mzee, umenibana. Kuta zetu nene za matumbawe zilijengwa joto lisiingie, na bibi yangu aliogea maji ya birika, yale yenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Maji moto hakuwahi kuyaulizia.

Wageni wa hoteli huyaulizia. Na mashuka yao ndiyo zaidi.

Nilipokuwa fundi bomba wa hoteli moja Malindi, bomba la kutolea maji chumba cha dobi lilivuja. Nikalishika bila kufikiri, nikaruka! Maji ya mataulo, povu tele, yaunguza, nayo yaenda zake karoni. Sasa hesabu: tani moja ya maji ikipoa nyuzi 15 huachia joto la uniti 17 hivi za umeme. Meneja alikuwa juu ofisini akigombana na bili.

Wenzetu wa nchi za baridi hawaachi kitu. Kule Stockholm, Uswidi, mtambo wa Hammarby huvuna joto la maji taka yaliyosafishwa tangu 1986 na kulipeleka majumbani. Vancouver, Kanada, kijiji cha wanamichezo wa Olimpiki ya 2010 kilipashwa joto la maji taka. Kwao nyumba bila moto haikaliki, na kila joto linalookotwa ni gesi au mafuta yasiyochomwa.

Mtasema maji taka ya huko ni baridi, yatapashaje nyumba? Kweli, mara nyingi ni nyuzi 10 hadi 20. Basi ukifika nyumbani, pitisha mkono nyuma ya friji. Ule uvuguvugu ni joto lililotolewa kwenye nguru wako, pamoja na umeme wa mota. Pampu ya joto, chombo wanachotumia wao, ni friji hiyohiyo, ila hapa twautaka mgongo wake. Uniti moja ya umeme huweza kukusogezea tatu za joto.

Mimi sisemi tuigize Stockholm. Maji yetu mengi huishia shimoni, nyumba kwa nyumba. Bomba la mji la kuvuna liko wapi? Mwenye hoteli aanze na dobi, kisha kiyoyozi, maana nacho hutupa joto nje mchana kutwa. Anayechemsha maji kwa dizeli au kuni ndiye nimwambiaye kwanza. Umeme wa gridi yetu sehemu kubwa ni mvuke wa ardhini, mito na upepo; huyo wa umeme ataokoa pesa zaidi kuliko moshi.

Sisi pale tulichukua tangi, tukazungusha ndani koili, bomba la shaba lililosokotwa. Maji ya dobi yajaa tangini, maji safi yapita ndani ya koili yakielekea kwenye hita. Wiki za mwanzo, raha. Kisha joto likafa. Tulipofungua, nyuzi za mataulo zimeivaa koili mzimamzima. Tumeifumia blanketi wenyewe! Ikabidi tutie chujio kabla ya tangi, mfano wa kifumbu cha nazi, na kijana wa zamu alikung'ute kila jioni.

Koili yenyewe ni hii hapa mezani. Ipitisheni mkono kwa mkono, ila shikeni kwa kitambaa, bado ina nyuzi za mataulo. Haya mzee wangu, anza wewe na swali.