Viza ya Kutembea Ulaya Bila Karatasi ya Mshahara

DOTO: Haya wasikilizaji wetu, habari za wakati huu. Mimi ni Doto, niko na mama Shija, tupo hapa hapa Tabora mjini, kwa hiyo mkisikia honi ya bodaboda katikati ya maneno msishangae. Leo tuna ujumbe wa sauti kutoka kwa bwana mmoja wa Ipuli. Ananunua asali Sikonge na Uyui, anapeleka Dar. Dada yake ameolewa Ujerumani, anamwita akatembee wiki mbili. Anasema hivi: "Mimi sina mshahara, sina bosi wa kuniandikia barua. Viza nitapata kweli?"

MAMA SHIJA: Hata shikamoo hakuna, ameingia moja kwa moja kwenye viza!

DOTO: Alikusalimia mama, nimekata mimi ili tuokoe muda.

MAMA SHIJA: Basi marahaba. Nimekaa kaunta ya wakala wa tiketi Dar miaka mingi, na swali hilo nimelisikia kwa wauza mitumba, wavuvi, wenye mashine za kusaga. Jibu ni kwamba kutokuwa na mshahara hakumnyimi mtu viza. Kinachowanyima watu wengi ni karatasi zinazogombana zenyewe kwa zenyewe.

DOTO: Tuanze na viza yenyewe. Ujerumani ni Schengen.

MAMA SHIJA: Ndiyo. Nchi 29 za Ulaya, viza moja ya kutembea. Uswisi imo japo haiko Umoja wa Ulaya. Uingereza na Ireland hazimo, kwa hiyo asije akamwahidi mtu kuwa atapitia London. Viza hiyo inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Yeye wiki mbili zinamtosha.

DOTO: Na akitaka kuchungulia Paris?

MAMA SHIJA: Achungulie. Anaomba kwenye nchi atakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, anaomba kwenye ile atakayoingia kwanza. Sasa sikiliza, afisa wa viza ana maswali mengi, lakini moja ndilo linaloangusha wengi: huyu mtu siku zikiisha atarudi kwao? Na anayesoma faili hajawahi kufika Sikonge. Hajui kwamba mwenye ndoo mia mbili za asali stoo anaweza kumzidi mali mwalimu mwenye karatasi ya mshahara. Stoo yako haioni. Anaona ulichomletea.

DOTO: Hapo ndipo watu wanapochafua. Mimi nina stationery, watu wanakuja kuprinti taarifa ya benki. Unaona Juni shilingi elfu arobaini, Julai elfu kumi na tano, halafu Agosti, siku mbili kabla ya miadi, zinatua milioni kumi na mbili kwa mpigo. Ukimuuliza anakwambia za shemeji, zitarudi wiki ijayo.

MAMA SHIJA: Na afisa naye anajua zitarudi wiki ijayo! Wale wanasoma mwendo wa akaunti. Milioni mbili zinazoingia na kutoka kibiashara zina maana kuliko milioni kumi na mbili zilizokuja kupiga picha.

DOTO: Lakini tuseme ukweli mama, huku kwetu hela ina msimu. Mtu wa tumbaku analipwa kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, hela inaingia kwa mkupuo, halafu miezi inapita akaunti imelala. Wa asali hivyo hivyo. Ubalozi unataka miezi mitatu ya mwisho. Ikiangukia kwenye ukame je?

MAMA SHIJA: Apeleke mwaka mzima. Wametaja miezi mitatu, wengine sita, hawajakukataza kuongeza. Halafu aandike barua ya maelezo, ukurasa mmoja: nanunua asali kijiji fulani, nauza kwa fulani, hela huingia miezi hii na hii, ona mstari huu kwenye taarifa. Hiyo barua watu wanaipuuza, mimi naipenda kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayomshika mkono msomaji. Nyuma yake apange leseni ya biashara, TIN yake ya mlipakodi, makadirio ya kodi ya TRA, risiti za mashine ya EFD kama anatoa, mkataba wa stoo. Miamala yake ya simu pia, maana wakulima wengi anawalipa kwa simu. Na za Kiswahili zitafsiriwe.

DOTO: Mke na watoto?

MAMA SHIJA: Cheti cha ndoa, vyeti vya watoto. Anawaacha nyumbani, hiyo peke yake inaongea.

DOTO: Sasa niingie kwenye eneo langu, la pasipoti. Ya kawaida ni shilingi 150,000, inakaa miaka 10, fomu inajazwa mtandaoni halafu unakwenda Uhamiaji na vielelezo. Shida ninayoiona kila wiki ni majina. Kitambulisho cha NIDA kimeandikwa Ramadhani, cheti cha kuzaliwa Ramadhan, bila i ya mwisho. Benki wao wameandika R. Saidi. Cheti cha ndoa kimemleta babu ambaye kwingine hayupo. Mwenyewe anacheka, anasema si mimi yuleyule?

MAMA SHIJA: Mtaani ni yuleyule. Kwenye faili ni watu watatu.

DOTO: Kwa hiyo kabla hajagusa fomu ya viza, atandike karatasi zote mezani aangalie herufi kwa herufi. Penye tofauti akarekebishe, au apate kiapo kwa wakili. Na kama pasipoti anayo tayari, aangalie tarehe.

MAMA SHIJA: Iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu.

DOTO: Tuje kwa dada. Watu wengi wanaficha kuwa wana ndugu kule. Wanasema ukitaja ndugu, watadhani unakwenda kuhamia. Na mimi, kusema kweli, naona wana hoja.

MAMA SHIJA: Hawana hoja hata kidogo, baba. Umeandika unakwenda hotelini, halafu unaulizwa unamjua nani Ujerumani, unaanza kutafuna ulimi. Au unafika uwanja wa ndege wa Frankfurt, dada yuko nje na maua. Fomu unaisaini kwamba yaliyomo ni kweli.

DOTO: Sawa, lakini kuna watu walitaja ndugu na bado wakanyimwa.

MAMA SHIJA: Wapo. Na waliotaja hoteli wakanyimwa wapo. Dada amsaidie kwa njia iliyo wazi. Ujerumani wana utaratibu ambapo mwenyeji anakwenda ofisi ya wageni ya mji wake, anaonyesha kipato chake, anasaini dhamana kwamba gharama za mgeni ni juu yake. Ile nakala halisi inatumwa huku, inaingia kwenye faili. Ila dhamana ya dada inajibu nani analipa. Haijibu kwa nini utarudi Ipuli. Hilo ni la asali.

DOTO: Nimekubali nusu. Bima je?

MAMA SHIJA: Bima ya safari, ya kuanzia yuro 30,000, igharamie matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani hata ukiwa maiti. Samahani, lakini ndivyo ilivyo. Ifanye kazi nchi zote za Schengen na siku zote za safari. Kampuni za bima zinaiuza, ukilinganisha na nauli ya ndege si kitu.

DOTO: Na tiketi ya ndege, anunue kabisa?

MAMA SHIJA: Asinunue! Nilikuwa nauza tiketi na bado nakwambia asinunue. Apeleke buking tu, viza ikitoka ndipo alipe. Nimeona watu wakililia nauli isiyorudishwa.

DOTO: Gharama ya viza?

MAMA SHIJA: Yuro 90 kwa mtu mzima, tangu Juni 2024, zamani ilikuwa 80. Mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12 nusu yake, aliye chini ya miaka 6 bure. Ukinyimwa hairudi.

DOTO: Hapo ndipo ninapochukia. Zaidi ya laki mbili, unaambiwa hapana, na hela imekwenda.

MAMA SHIJA: Wanasema unalipia kazi ya kushughulikia faili.

DOTO: Waseme. Mimi bado nachukia. Na hujahesabu nauli ya Tabora mpaka Dar, gesti na chakula.

MAMA SHIJA: Kama hajawahi kutoa alama za vidole, lazima aende mwenyewe. Akishatoa, zinaweza kutumika tena kwa miezi 59. Aangalie kwenye tovuti ya ubalozi miadi inachukuliwa wapi. Balozi nyingine zimekabidhi upokeaji kwa kituo cha maombi, kinachotoza ada yake juu. Uamuzi unabaki ubalozini. Ubalozi wa Ujerumani wenyewe uko Dar, jengo la Umoja House, Mtaa wa Mirambo.

DOTO: Mirambo wetu?

MAMA SHIJA: Huyo huyo, mtemi wa Urambo. Mnyamwezi akifika pale asijione mgeni sana.

DOTO: Aende lini?

MAMA SHIJA: Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Kwa kawaida jibu ni ndani ya siku 15, faili likihitaji kuchunguzwa inafika 45. Na muda huo pasipoti kwa kawaida inabaki kwao. Kwa hiyo asiombe katikati ya msimu, wakati anahitaji kukimbia Bujumbura au Lusaka kutafuta soko. Mimi ningempa miezi mitatu kabla ya safari.

DOTO: Kuna vishoka pia. Kijana anakaa nje na laptopu, anakwambia laki tano nakutengenezea taarifa ya benki na barua ya kazi.

MAMA SHIJA: Benki zinapigiwa simu. Na maombi yote yanaingia kwenye mfumo mmoja wa Schengen, kumbukumbu inakaa miaka mitano. Ukidanganya Wajerumani, Wafaransa nao watasoma.

DOTO: Tuseme ametoboa, stika iko ndani ya pasipoti. Mimi nimeona watu hawajui kuisoma. Kuna tarehe ya kuanzia na ya kuishia, halafu pembeni kuna idadi ya siku. Mtu anaona tarehe zinachukua mwezi mzima, anadhani ana mwezi. Kumbe siku zimeandikwa 14.

MAMA SHIJA: Kinachokubana ni zile siku. Aangalie na idadi ya kuingia. Ikiwa ni 01, akitoka Schengen amefunga mlango. Na siku hizi usitegemee mhuri uliofifia. Tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kielektroniki mipakani, wanapiga picha ya uso na kuchukua alama za vidole, siku zinahesabiwa na kompyuta.

DOTO: Na akinyimwa?

MAMA SHIJA: Anapewa fomu yenye sababu zilizowekewa alama. Aisome, asiikunje kwa hasira. Wakiweka alama kwamba wana shaka kama atarudi, hapo tatizo ni ushahidi wa biashara na familia. Wakiweka alama kwenye sababu za safari, tatizo ni mwaliko na ratiba. Ana haki ya kukata rufaa, au aombe upya. Ila asipeleke faili lile lile wiki inayofuata, maana jibu litakuwa lile lile na yuro 90 nyingine zimekwenda.

DOTO: Bwana wa Ipuli, natumaini umesikia. Njoo dukani na hizo karatasi tuangalie herufi. Kuprinti utalipa, kuangalia ni bure. Wenye maswali ya viza ya Uingereza tumeni sauti zenu mapema, ile ina fomu yake na taratibu zake, tutaipa kipindi chake.

MAMA SHIJA: Na salamu msikatiwe.