Kirikuu Kuwa Kombi: Leo Tunalaza Faiba ya Uso

Haya wadau, hamjambo, karibuni tena gereji hapa Ngamiani, Tanga. Leo ndo ile siku mliyokuwa mnaniulizia kila saa, uso wa Kombi ya zamani ya Volkswagen unakuja kukaa kwenye kirikuu. Gari yenyewe ni Suzuki Carry, injini iko chini ya siti, silinda 3, spea zake hazikusumbui, na utamu wa hii kazi uko hapo, unatembelea sura ya miaka ya 50 ila asubuhi ukiipiga funguo inawaka. Wajapani wameanza siku nyingi, Mitsuoka walitoa Viewt mwaka 1993, ukiiona unasema Jaguar ya kizamani, kumbe ndani ni Nissan March. Mimi naipenda ile gari jamani.

Bampa nimeshatoa, taa nimeshatoa, bolti tu zile. Moldi, yaani umbo la kulazia faiba, nimejenga kwa plaiwudi na jipsamu, imekaa juani siku 5 kwa sababu jipsamu ikibaki na unyevu rezini, yaani ile gundi ya maji ya faiba, haikauki vizuri. Juu nimebandika selotepu pana ya kahawia, kisha waksi, ili faiba isigande. Matundu ya taa inchi 7, ukifika duka la spea sema taa za duara za Land Rover ya zamani.

Sasa sogeeni. Hadina, ile dawa ya kugandisha rezini. Rezini kilo 1, hadina mililita 10, basi. Wengine watakwambia weka asilimia 2, hiyo wakapigie Lushoto kwenye baridi, huku kwetu kaskazi hii na hili joto weka 1. Nilishawahi kumimina kwa macho, ndoo nzima, nikageuka kuchukua brashi, narudi ndoo inafuka moshi, rezini yote imekuwa jiwe na kitako cha ndoo kimeyeyuka. Bomba la sindano linauzwa duka la dawa, nunua, pima. Koroga kidogo kidogo, nusu kilo nusu kilo.

Na kama rezini yako haijawekwa kobalti, ile dawa ya kuharakisha kukauka, kobalti inatangulia, koroga mpaka ipotee kabisa, ndo hadina ifuate. Hizo mbili zisikutane zenyewe, zinalipuka. Narudia, kobalti na hadina zisikutane zenyewe! Miwani, glovu, mlango wazi.

Tunalaza. Rezini kwanza, mati, yaani kile kitambaa cha nyuzi za faiba, ya gramu 450 juu, gongagonga na brashi, usiburuze, ukiburuza nyuzi zinakufuata. Tabaka 3, unapata kama milimita 3 hivi, zinatosha... ngoja, ngoja, lete simu hapa kwenye kona ya taa. Mnaona hicho cheupe? Hewa hiyo. Ukiiacha, siku ukipita kwenye rasta puti inapasuka hapohapo. Chana mati kwa mkono, usikate na mkasi, vipande vidogo ndo vinakaa kwenye kona, haya rola, sukuma kuja nje, taratiiibu. Imeisha. Hii rola nimeijua kwa mafundi wa boti, wale wana mkono.

Kingine, Kombi yenyewe injini iko nyuma na inapozwa na upepo, ndo maana uso wake umeziba vile, mzuri. Kirikuu rejeta yake iko mbele! Ukiziba kama Kombi, ukifika Muheza inachemsha. Kwa hiyo hapa chini, nyuma ya bampa, naacha uwazi upana wa rejeta yote na wavu mweusi, kwa mbali huuoni. Mtu asikudanganye matundu matatu madogo yanatosha.

Anayetaka uso ulio tayari ninatengeneza, njoo na gari nipime kwanza maana Carry zinatofautiana. Kopo la pili hili la rezini limeanza kuvuta kama halua, halifai tena, nakoroga lingine. Kesho tunabandua.