Kikundi Kilichotutangulia Kazini

Bwana asifiwe. Wachungaji, wazee wa kanisa, mashemasi, na ninyi wageni wetu kutoka vikundi vya kijamii mliokubali kukaa nasi leo, asanteni.

Nimeombwa nizungumzie ushirikiano wa kanisa na vikundi vya huduma na vya kutetea haki vilivyo jirani nalo. Mada hii kwa kawaida huanza na swali la kanisa litawafanyia nini hao majirani. Mimi nitaanza na jingine: ni nani ameshaianza kazi kabla yetu, na je, tuko tayari kumfuata?

Twende Montgomery, Alabama, Marekani, mwaka 1955. Ukitaja mgomo wa mabasi, watu weusi walipoacha kupanda mabasi yaliyowabagua, wengi tunamkumbuka Martin Luther King, mchungaji kijana wa miaka 26. Sawa. Lakini Baraza la Kisiasa la Wanawake, kikundi cha wanawake weusi wasomi, lilikuwa likilalamikia mabasi yale kabla King hajawa na jina mjini. Mei 1954 kiongozi wake, Jo Ann Robinson, alimwandikia meya kumwonya kwamba watu wangeweza kuacha kupanda mabasi. Rosa Parks naye, aliyekamatwa Desemba 1, 1955, kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi, alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Hadithi ya mama aliyechoka miguu tu haimtendei haki. Usiku uleule Robinson na wenzake wachache walikesha wakichapa maelfu ya vipeperushi. Wachungaji walipokutana jioni ya siku iliyofuata, vipeperushi vilikuwa vimeshasambaa mitaani.

Kwa hiyo kanisa halikuanzisha. Lilileta vitu ambavyo lilikuwa navyo na wengine hawakuwa navyo. Lilikuwa na majengo ya kukusanyia maelfu. Mkutano mkubwa wa Desemba 5 ulifanyika katika kanisa la Kibaptisti la Holt Street. Lilikuwa na mimbari ya kutangazia Jumapili, na sadaka ya kununulia petroli. Tena likatoa jina lake: magari ya kubebea watu yaliandikishwa kwa majina ya makanisa, hata watu wakayaita makanisa ya magurudumu. Magari hayo yalipofutiwa bima, bima nyingine ilitafutwa hadi ikapatikana London. Mgomo ulidumu siku 381, na katika kesi iliyokuja kuubatilisha ubaguzi kwenye mabasi yale, wadai waliosimama mahakamani walikuwa wanawake, jina la Aurelia Browder likitangulia.

Nimekaa kwenye hadithi hii muda mrefu kwa makusudi. Tunapenda kuzikumbuka hotuba. Kazi yenyewe ilikuwa ratiba za madereva, hesabu za petroli na barua za bima, na kanisa lenye mweka hazina makini lina thamani kubwa kwa kikundi cha haki kuliko kanisa lenye mhubiri hodari peke yake. Wahubiri mlio hapa mnisamehe.

Anayeona haya ni mambo ya kigeni asome Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakazuka. Mitume hawakuwaambia wanung'unikaji wawe na subira. Waliagiza wachaguliwe watu saba, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Inaelekea, basi, kwamba meza ilikabidhiwa upande ule uliokuwa ukilalamika. Sisi tungeunda kamati, mwenyekiti akatoka kwetu, kisha mjane mmoja akaalikwa kutoa ushuhuda.

Sasa nitenganishe mambo mawili. Kushirikiana na kikundi cha huduma, kinachogawa chakula au kutembelea wagonjwa, ni rahisi. Kila mtu atapiga makofi. Kikundi cha haki kitakuuliza kwa nini watu walewale wanarudi kwenye foleni kila wiki, na jibu linaweza kuwa mwenye nyumba anayewafukuza wapangaji bila notisi, au mwajiri asiyelipa kwa wakati. Huyo mwenye nyumba huenda anakaa benchi la mbele, na paa la kanisa lilijengwa kwa mchango wake. Hapo ndipo ushirikiano mwingi hufa, kimyakimya, kwa simu ambazo hazipokelewi.

Mashariki mwa London, kuanzia 1996, makanisa, misikiti, shule na vyama vya wafanyakazi viliungana katika umoja ulioitwa TELCO. Walianza kwa kuwasikiliza watu wao wenyewe. Wazazi walieleza kwamba ujira wa kima cha chini hauwatoshi, wanafanya kazi mbili, na hawapati muda wa kuwaona watoto. Mwaka 2001 kampeni ya mshahara wa kujikimu ikazaliwa hapo. Angalieni kwamba wasafishaji wa maofisi walihitaji malipo ya haki kuliko vikapu vya chakula, na hilo lisingejulikana bila kuwauliza. Na tukiwa hapo, kabla hamjapeleka bango kwenye ofisi ya mtu, mwangalieni mlinzi wa lango lenu na yule anayedeki kanisa. Mnawalipa kiasi gani? Lini?

Kuna wanaoogopa siasa. Kudai wafanyakazi walipwe si kumpigia kampeni mgombea. Mgombea asipewe mimbari, awe nani, hata kama ni muumini wenu. Zaidi ya hapo sioni cha kuogopa.

Kuhusu utaratibu nitapita haraka. Andikeni hati ya makubaliano, hata ya ukurasa mmoja. Iseme nani anakaa na ufunguo wa ukumbi, nani anasaini hundi, nani anazungumza na waandishi wa habari. Penye watoto, kila anayejitolea achunguzwe kwanza, mchungaji akiwemo. Picha za watu wanaopokea msaada zisipigwe bila idhini yao, na mimi ningependa zisipigwe kabisa. Wekeni pia namna ya kuachana, maana kikundi kilichozoea ukumbi wenu hakistahili kukuta kufuli mpya mlangoni kwa sababu mchungaji amehamishwa.

Nimeletewa swali kwenye karatasi: "Wakitukataza kuhubiri kwenye shughuli zao, tufanyeje?" Swali zuri, na najua limeandikwa kwa uchungu.

Mwaka 1953 kasisi wa Kianglikana, Chad Varah, alianzisha huduma ya simu katika kanisa la St Stephen Walbrook, London, kwa watu waliofikiria kujiua. Wengine walifika wenyewe, wakawa wengi, na watu wa kujitolea wakaja kukaa nao na kuwapa chai wakati wakisubiri kumwona kasisi. Ikaonekana kwamba wengi, baada ya kusikilizwa na hawa wa chai, hawakuhitaji tena kumwona yeye. Februari 1954 kasisi aliwakabidhi kazi ya kuwasikiliza watu, naye akabaki kuwachagua na kuwasimamia. Hiyo ndiyo Samaritans mnayoisikia leo, na anayepokea simu haruhusiwi kumsukumia aliyepiga dini yake. Kasisi mwenyewe aliukubali mpango huo, ndani ya kanisa lake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mnayo Jumapili nzima ya kuhubiri. Saa za kikundi ni za kikundi. Kama kuna mzee wa kanisa asiyeweza kulikubali sharti hilo, aseme kabla hati haijasainiwa, ili wenzetu watafute ukumbi mwingine mapema.