Kusonga si Kuchomoka

Bassebo, bannyabo, walimu wenzangu, hamjambo. Nianze na aibu yangu. Ujanani, nikitafsiri kwa malipo ya chai, niliwekewa mezani habari ya Kiingereza kuhusu kampuni iliyokuwa iki-"forge ahead". Kamusi ikaniambia "forge" ni kughushi. Nikaandika, bila haya, kwamba kampuni "inaghushi na kuendelea mbele". (Kicheko.) Bahati mhariri aliisoma kabla ya mawakili wao.

Kumbe "forge" ziko mbili. Moja ni ya mhunzi, kufua chuma, na ndiyo iliyozaa kughushi saini. Ya pili ni ya mabaharia, na huenda ni "force" iliyopinda matamshi: merikebu inajisukuma mbele, maji yakiikatalia. Hiyo ndiyo yetu leo.

Na kitenzi chake tunacho jikoni. Nani hapa hajasonga posho, ugali wetu wa Uganda? Unga ukishakaza mwiko unagoma. Unabana sufuria kwa kitambaa, bega linaingia kazini, unakandamiza, unageuza, jasho linakutoka. Kusonga mbele ndiko huko. Wanasiasa wetu wamelitaja mno jukwaani, hata jasho lake limekauka.

Ila Waingereza wa leo wameongeza maana nyingine: kushika kasi ghafla. Mnakumbuka Paris, tarehe 2 Agosti 2024, mbio za mita 10,000? Waethiopia wanapokezana uongozi, Joshua Cheptegei wetu katulia kundini, mizunguko 25 inayoyoma. Mwishoni, huyo! Dakika 26, sekunde 43.14, dhahabu na rekodi ya Olimpiki. Hapo pia Mwingereza atasema "forged ahead". Lakini mwanafunzi akiniandikia "Cheptegei alisonga mbele", nampa nusu alama. Cheptegei alichomoka.

Kwa hiyo kabla hujatafsiri, uliza kwanza: kuna kitu kinachomzuia huyu, au njia ni nyeupe?

Tujaribu la kwetu. Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima, msingi na sekondari. Tuseme gazeti limeandika kwamba Uganda ina-"forge ahead" na Kiswahili. Tunasonga au tumechomoka? Msinijibu haraka. Mwenye vitabu vya kuwatosha wanafunzi wake wote ainue mkono.

Mmoja. Haya, andikeni: tunasonga.