Fundi Bomba wa Preston na Kombe Lisilohesabiwa

HAMISI: Dada Rehema, kuna winga alicheza fainali kwenye uwanja wa Wembley, London, akiwa na miaka 19, halafu mechi yake ya kwanza ya ligi akaicheza ana miaka 24.

REHEMA: Huyo ni Tom Finney, wa klabu ya Preston North End ya Uingereza.

HAMISI: Huyo huyo. Vita vilipoanza Septemba 1939, ligi ya Uingereza ilisimama baada ya raundi tatu tu. Zikabaki ligi za kanda na Kombe la Vita, mchezaji analipwa shilingi 30 za Kiingereza kwa mechi. Finney alikuwa bado anajifunza ufundi bomba, maana baba yake alikataa katakata auache.

REHEMA: Mzee aliona mbali, kwa kweli. Tupeleke kwenye fainali ya hilo Kombe la Vita, kaka.

HAMISI: Mei 10, 1941, wanacheza na Arsenal. Watu kama 60,000 uwanjani. Kijana amekutanishwa na Eddie Hapgood, beki wa kushoto aliyekuwa nahodha wa England! Arsenal wakapata penalti mapema, Leslie Compton akagonga mwamba. Ikaisha 1-1. Marudiano yakapigwa Blackburn, Preston wakashinda 2-1.

REHEMA: Mimi kila nikiisoma siku ile nafikiria usiku wake. Mashabiki wametoka uwanjani jioni, na usiku huohuo ndege za Wajerumani zikaishambulia London. Walikufa watu zaidi ya 1,400. Hata ukumbi wa Bunge uliteketea.

HAMISI: Na mwaka uliofuata zamu ikawa ya Finney. Akaitwa jeshini, upande wa vifaru. Misri, kwenye Jeshi la Nane la Uingereza chini ya Jenerali Montgomery, kisha Italia. Aprili 1945 yuko ndani ya kifaru kwenye mapigano ya Argenta.

REHEMA: Mpira je?

HAMISI: Misri alichezea timu ya wanajeshi, Wanderers. Lakini ligi yenyewe ilirudi Agosti 31, 1946. Preston na Leeds, 3-2, Finney ndani. Haujapita hata mwezi, England wakamwita: wakaifunga Ireland ya Kaskazini 7-2 kule Belfast, naye akatia bao.

REHEMA: Ndiyo maana naumia. Mtu aliyekuwa tayari kiasi hicho alikuwa tayari tangu lini? Ukifungua rekodi unakuta mechi 433 za ligi na mabao 187, na mechi 76 za England, mabao 30. Ile miaka ya vita haimo.

HAMISI: Wapo wanaosema alifidia, kwa kuwa alicheza mpaka 1960.

REHEMA: Sikubaliani nao, kaka. Kucheza mpaka miaka 38, huku akipigwa mateke na mabeki kila wiki, ni jasho lake. Winga wa miaka 20 ana mbio ambazo hazirudi. Hizo alizimalizia jeshini.

HAMISI: Hapo umenishika. Na baada ya vita hakuwahi kubeba ubingwa wa daraja la kwanza. Mwaka 1953 Arsenal waliwapita Preston kwa uwiano wa mabao tu, pointi zikiwa sawa. Mwaka 1954 akafika fainali ya Kombe la FA, wakafungwa 3-2 na West Bromwich Albion.

REHEMA: Kwa hiyo kombe kubwa alilolishika ni lile la 1941.

HAMISI: Lile lile. La vita.