Kashata amesusa tena: namna ya kumlisha mbwa mdogo anayechagua chakula

Jamani karibuni. Huyu mnayemwona amelala akanipa mgongo anaitwa Kashata. Ni Japanese Spitz, ana miaka mitatu na kilo 5 kamili. Chakula chake kile pale, kipo tangu saa moja asubuhi, na yeye anatazama ukuta. Kwenye kanga wanasema ukisusa, wenzio twala. Hapa nyumbani wenzio ni sisimizi, na wameshaanza kujipanga.

Leo nawaonyesha ninavyofanya mpaka anakula, bila kumshika kichwa na bila kumpa vitu vya kumuua. Lakini kabla sijagusa sufuria, lazima nijue kitu kimoja: amesusa, au anaumwa?

Hatua ya kwanza, mkague. Nakusogezea kamera. Nainua mdomo wa juu kwa kidole gumba, taratibu, hivi. Unaona ufizi? Una rangi ya waridi na umelowa. Naubonyeza, panakuwa peupe, naachia, na kabla sijahesabu mbili rangi imerudi. Ndivyo inavyotakiwa. Ukiona ufizi mweupe kama karatasi, au wa njano, zima video hii umpeleke kwa daktari wa mifugo. Huku kwetu homa ya kupe ni jambo la kawaida, na mara nyingi inaanza hivihivi, kwa mbwa kukataa chakula. Kwa hiyo pekua masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Manyoya marefu kama haya kupe anayapenda sana, anajificha humo hata wiki.

Meno nayo. Mbwa mdogo ana mdomo mdogo, lakini meno ni yaleyale 42 ya mbwa mkubwa, yamebanana, na ukoga unajaa upesi. Akisogelea chakula, akanusa, akatafuna upande mmoja halafu akaangusha chini punje za chakula kikavu cha dukani, huyo hajasusa. Jino linamuuma.

Na hapa naomba tusikilizane vizuri. Mbwa anayetoa udenda, taya limelegea, anataka kumeza hawezi: watu hudhani amekwamwa na mfupa, wanaingiza mkono. Usiingize. Kichaa cha mbwa nacho huonekana hivyo. Mfungie peke yake, piga simu kwa daktari wa mifugo. Kama ameshakung'ata, au mate yake yamegusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Mbwa mzima mwenye afya akiruka mlo mmoja, usihangaike. Zikitimia saa 24 hajatia kitu mdomoni, ni daktari. Kitoto cha mbwa wa aina hizi ndogo usikisubiri hivyo, sukari yake ya mwilini inashuka haraka: utakiona kinalegea, kinatetemeka, kinapepesuka. Kipake asali kidogo kwenye ufizi huku unakiwahisha kwa daktari.

Haya, Kashata amepita ukaguzi. Hatua ya pili ndiyo iliyonigharimu pesa: tafuta ni nani mwingine anamlisha.

Mwaka jana alisusa wiki nzima. Nikabadilisha chakula cha dukani mara tatu, kila mfuko anaramba mara mbili anaondoka. Siku moja nikarudi mapema kazini, namkuta Bibi barazani na chai yake ya saa nne, Kashata yuko pajani, nusu chapati ndiyo inamalizikia. Nikamwambia, "Shikamoo Bibi. Kumbe ni wewe!" Akaitikia marahaba, wala hakuficha: "Mjukuu wangu, unamlisha mtoto kokoto, unategemea nini?"

Hesabu yake iko hivi. Mbwa wa kilo 5 aliyefungwa kizazi anahitaji kama kilokalori 350 kwa siku. Nusu chapati ya mafuta peke yake inaweza kufika 150. Vitafunio vyote vya siku nzima visizidi sehemu moja ya kumi, yaani 35, na yai moja zima la kuchemsha ni mara mbili ya hapo. Sasa mimi Bibi simkatazi, ningeanzia wapi? Kila asubuhi napima punje za siku nzima kwenye mizani ya jikoni, natoa punje kumi na tano, naziweka kwenye kopo lake. Anampa hizo. Chapati anakula mwenyewe.

Hatua ya tatu, twende jikoni. Nina kidari cha kuku, hakina ngozi, hakina mfupa. Maji matupu. Chumvi hapana, kitunguu hapana, kitunguu saumu hapana, na ule unga wa mchuzi wa paketi pia hapana, kwa sababu humo mna chumvi na vitunguu vya unga. Vitunguu, viwe vibichi, vya kukaanga au vya unga, vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kwa mwili mdogo hivi hakihitajiki kingi. Nachemsha kama dakika 20, mpaka nikipasua katikati hapana uwaridi. Kisha nachambua kwa vidole, nyuzi nyembamba, kwa sababu pande ambalo mbwa mkubwa analimeza, huyu linamkaba.

Sahani hii ina gramu 40 za punje. Natumia sahani bapa. Kwenye lile bakuli la bati kidani cha shingoni kilikuwa kinagonga kila akiinama, naye anaruka nyuma. Juu yake namwagia vijiko vinne vya supu ya kuku, kijiko kimoja cha nyuzi za nyama, nasubiri dakika kumi. Ona punje sasa, zimevimba, nikiibonyeza inapondeka. Nadondosha supu kwenye kifundo cha mkono kama anavyofanya mama na uji wa mtoto: ivuguvugu, isiunguze. Mbwa anakula kwa pua kwanza, na chakula kikipata joto harufu ndiyo inaamka. Kilichotoka kwenye friji kwake ni kama hakipo.

Kuku akikosekana, dagaa wakavu wasio na chumvi wanafaa sana. Watoe mchanga, chemsha, saga.

Mnaniuliza sana habari za ugali. Kidogo si mbaya, ila uwe wa unga unaokula wewe. Ule wa mahindi yaliyoota ukungu, unaoambiwa "huu wa mbwa tu", ndio wenye sumukuvu, na sumukuvu haitoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Maini na mapafu ya machinjioni nayo chemsha mpaka yaive. Yakiwa mabichi huweza kubeba minyoo itakayopita kwa mbwa ikafika kwako.

Hatua ya nne ni ngumu kwa sisi wenye huruma. Weka sahani pembeni, pasipo na mapito ya watu, kisha ondoka. Usimbembeleze, usimlishe kwa mkono, usisimame unamtazama. Dakika 15. Hajala? Ondoa, usimpe kitu mpaka mlo wa jioni. Mwenye mbwa mzima ampe milo miwili kwa siku. Vitoto vinahitaji mitatu au minne, na kwa vitoto hii ya kuondoa sahani usiitumie.

Akizoea, punguza nyama kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi, supu ibaki. Ukibadilisha mfuko wa chakula, mwendo ni huohuo, changanya robo kwanza, la sivyo utakuwa unafua mazulia.

Na siku ya pilau mfungie chumbani. Sisemi kwa ubaya. Pilau la kwetu lina vitunguu, la sikukuu lina zabibu, na zabibu zinaweza kuua figo za mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha. Chokoleti hapana. Siagi ya karanga soma kopo kwanza: ukiona zailitoli, sukari ile ya kwenye bigijii zisizo na sukari, irudishe kabatini.

Subiri, subiri. Kamera huku. Ameinuka. Ananusa... anajifanya anapita tu. Nageuza uso, na wewe geuza. Mnasikia huo mlio? Ndiyo anakula.

Dakika ya tisa, sahani nyeupe. Naiosha kwa sabuni na sponji yake ya kijani, ya vyombo vyetu ni ya njano, halafu naenda kumwonyesha Bibi.